Mwanga na kampuni iliyoshindwa

Kabaka Mwanga II, anayelala Kasubi jijini Kampala, alitawazwa Buganda 1884, akapinduliwa 1888, akarudi. Desemba 1890 alitia saini mkataba na Lugard, mtu wa kampuni ya Imperial British East Africa. Kampuni ilikuwa hoi: mizigo kutoka Mombasa ilibebwa vichwani na wapagazi, na gharama zilimeza faida ya pembe za ndovu. Ilipotangaza kuondoka, serikali ya Uingereza ilichukua nchi, ikaifanya himaya yake 1894. Mwaka 1895 wenye kampuni walilipwa fidia ya pauni 250,000, na 200,000 kati ya hizo zilikuwa fedha za Zanzibar! Reli ikajengwa na serikali, ikafika Kisumu 1901. Mwanga, aliyeasi 1897, alifia uhamishoni Shelisheli 1903. Mabaki yake yalirejeshwa 1910.