Sheikh Kaluta Amri Abedi na Hesabu ya Silabi

Sheikh Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji mwaka 1924, akasoma Tabora, akawa mhubiri, mshairi na mwanasiasa. Mwaka 1960 alikuwa Mwafrika wa kwanza kushika umeya wa Dar es Salaam. Baada ya Uhuru akawa Waziri wa Sheria. Alifariki mwaka 1964.

Urithi wake kwa walimu ni kitabu cha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kilichotoka mwaka 1954. Kabla yake, sanaa hiyo ilirithishwa zaidi kwa mdomo na sikio, hasa katika miji ya pwani. Mwana huyu wa ziwani aliziandika kanuni zake, hata asiyelelewa na malenga akaweza kujifunza.

Msingi mmoja wa kanuni hizo ni mizani, yaani hesabu ya silabi. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, vipande viwili vya mizani 8. Anayekosea kugawa neno hukosea shairi zima. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, lakini m au n huweza kusimama peke yake: m-tu ni mizani 2, n-chi ni 2, bali mwa-li-mu ni 3. Wanafunzi wengi hugawa fu-n-di-sha, wakapata 4 badala ya 3: fu-ndi-sha. Neno refu lisiwatishe: ha-wa-ku-tu-fu-ndi-shi-a lina mizani 8, nalo peke yake hujaza kipande.

Mkazo nao huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na neno likirefuka husogea: katika *shule* uko kwenye *shu*, katika *shuleni* uko kwenye *le*. Maneno machache hukiuka kanuni. *Barabara* ya kupita magari hukazwa silabi ya tatu. *Barabara* yenye maana ya sawasawa hukazwa ya pili.

Mwalimu wa Rusimbi hufundisha watoto wengi waliozoea Kiha, lugha ambayo kupanda na kushuka kwa sauti huweza kubadili maana. Masikio yao tayari ni makini. Basi na waanze kwa kupiga kofi kila silabi, kisha kofi kubwa penye mkazo, kabla ya kushika kalamu. Mtoto wa Ujiji alikwisha kuonyesha kwamba mizani haina pwani wala bara. Ina mafunzo tu.