Johann Ludwig Krapf na Mto Tana: Kiyama, Toba na Kamusi

Jina la Daktari Johann Ludwig Krapf si geni kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Wengi humjua kwa sarufi yake ya mwaka 1850 na kamusi iliyochapishwa mwaka 1882, baada ya kifo chake. Kisichozungumzwa sana ni kwamba kazi hiyo ilisukumwa na imani moja: kwamba siku ya hukumu ilikuwa karibu, na kila kabila la wanadamu lilistahili kuitwa litubu kabla mlango haujafungwa.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 huko Derendingen, karibu na Tübingen, Ujerumani. Eneo hilo la Württemberg lilikuwa na Wakristo wengi waliousoma Ufunuo kwa kuhesabu miaka. Mwanatheolojia Johann Albrecht Bengel, aliyefariki mwaka 1752, alikuwa amekokotoa kwamba mwaka 1836 ungefungua zama mpya za ufalme wa Kristo. Krapf mwenyewe, akiwa kasisi msaidizi kijana, alihubiri juu ya saa ya mwisho ya dunia kwa namna iliyowaudhi wakuu wake, akaacha wadhifa huo. Mwaka 1836 ulipita na dunia ikabaki palepale. Mwaka 1837 akafunga safari kwenda Uhabeshi kwa niaba ya chama cha misheni cha CMS.

Huko ndiko alikowafahamu Waoromo, ambao watu wa pwani waliwaita Wagalla. Aliamini kwamba wakiongoka wao, sehemu kubwa ya Afrika ingefuata. Alipofungiwa njia ya kaskazini, aliazimia kuwafikia kwa upande wa kusini, kwa jamaa zao Waorma, wafugaji ambao hadi leo hulisha ng'ombe katika nyika za Garsen. Kwa ajili hiyo alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi Julai mwaka huohuo alifiwa na mkewe, Rosine, na baada ya siku chache mtoto wao mchanga. Aliwazika, akaendelea kujifunza lugha.

Hapana budi kulizingatia jambo hili. Mtu aaminiye kwamba dunia i karibu kwisha hatarajiwi kuketi miaka mingi akichambua maneno. Lakini kwa Krapf, mwito wa toba usioeleweka haukuwa mwito. Aidha, aliwakuta Waswahili wakiwa na maneno kiyama, hukumu na toba, yaliyokuja na Uislamu na kukomaa katika tenzi zao. Hakuwa wa kwanza kuionya pwani hii juu ya Siku ya Mwisho. Tenzi hizo alizithamini, na nakala ya Utendi wa Tambuka akaipeleka Ujerumani. Mwaka 1850 alichapisha msamiati wa lugha sita, zikiwamo Kigalla na Kipokomo, lugha ya wakulima wa kingo za Tana.

Mto wenyewe aliufikia kwa msiba. Mwezi Agosti 1851, msafara wake kutoka Ukambani ulishambuliwa na mwenyeji wake, Kivoi, akauawa. Krapf akabaki peke yake porini, akajikokota hadi Tana, akanywa, kisha akajaza maji katika mitutu ya bunduki na mfuko wa darubini. Hata hivyo, hapo palikuwa Tana ya juu, mbali sana na Garsen.

Mwaka 1853 aliondoka Rabai kwa sababu ya afya. Mwaka 1862 alirejea kwa muda kuwasaidia Wamethodisti wa Uingereza kuanzisha kituo cha Ribe, shabaha ikiwa ileile. Alifariki tarehe 26 Novemba 1881 huko Korntal, makazi yaliyoanzishwa mwaka 1819 na Wakristo waliongojea ujio wa Kristo. Alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda.

Miaka michache baadaye, Thomas Wakefield wa Ribe alianzisha kituo cha Golbanti, karibu na Garsen ya leo. Mwezi Mei 1886 Wamaasai walikivamia, wakamuua mmisionari John Houghton na mkewe Annie. Kituo hakikufa, lakini mavuno hayakuwa yale aliyoyatazamia Krapf. Waorma wengi walishika Uislamu. Wapokomo wa Tana ya chini, ambao hakuwaweka mbele katika mipango yake, ndio waliojenga makanisa kandokando ya mto.

Saa aliyoihubiri Krapf haikufika katika uhai wake. Kamusi aliyoiandika akiingoja ndiyo iliyobaki, na ndani yake Kiswahili cha Mombasa cha karne ya 19 kimehifadhiwa.