Kaizari aliyepoteza dola akabakia na sahihi

SAHIHI ya Kaizari Wilhelm wa Pili wa Ujerumani huwa haifichiki. Ni kubwa, ya wino mzito, na aghalabu hufuatwa na herufi mbili, I na R, ufupisho wa maneno ya Kilatini yenye maana ya Kaizari na Mfalme. Wanaokusanya barua za wafalme waliong’olewa vitini huisaka minadani hadi leo. Ajabu ni kwamba herufi hizo zimo hata katika barua alizoandika baada ya 1918, wakati hakuwa tena kaizari wala mfalme.

Alizaliwa Berlin mnamo Januari 27, 1859, akiwa mjukuu wa kwanza wa Malkia Victoria wa Uingereza. Alijeruhiwa wakati wa kuzaliwa, na mkono wake wa kushoto ukadumaa. Maisha yake yote aliuficha kila alipopigwa picha. Alitawazwa 1888 akiwa na umri wa miaka 29, na miaka miwili baadaye akamwondoa madarakani Bismarck, mwanasiasa aliyeijenga dola hiyo.

Huku kwetu anakumbukwa kwa hadithi kwamba nyanya yake alimtunuku Mlima Kilimanjaro. Ni porojo tupu. Mpaka ulikubaliwa 1886, yeye akiwa bado hajatawala. Lililo kweli ni kwamba 1890 serikali yake iliiachia Uingereza himaya ya Witu, iliyo katika Kaunti ya Lamu ya leo, nayo ikapata kisiwa cha Heligoland.

Vita Vikuu vya Kwanza ndivyo vilivyomwangusha. Mnamo Novemba 9, 1918, waziri wake mkuu alitangaza mjini Berlin kwamba Kaizari ameng’atuka, ilhali mwenyewe, aliyekuwa Ubelgiji, hakuwa ametia sahihi popote. Kesho yake alivuka mpaka akaingia Uholanzi.

Hati ya kung’atuka aliitia sahihi Novemba 28. Siku tatu kabla ya hapo, Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck na askari wake Waafrika walikuwa wamesalimisha silaha Abercorn, mji uitwao sasa Mbala, nchini Zambia. Yaani, kwa mujibu wa karatasi, wanaume hao walipigania kiti cha mtu aliyekwisha kutoroka. Wapagazi waliokufa pande zote mbili walikuwa makumi ya maelfu, na mtaa wa Kariokor jijini Nairobi umebeba jina la kikosi chao.

Mataifa yaliyoshinda yalitaka ashtakiwe, lakini 1920 Uholanzi ilikataa kumtoa. Mwaka huo alihamia jumba alilonunua kijijini Doorn, likiwa limejazwa samani za makasri yake zilizosafirishwa kwa mabehewa 59. Huko alikata miti kwa maelfu, akapokea wageni, akagawa picha zenye sahihi yake, na akaandika barua bila kuchoka.

Mkewe, Augusta Victoria, alifariki Aprili 1921. Mapema mwaka uliofuata mvulana mmoja wa ukoo wa kifalme alimwandikia salamu za siku ya kuzaliwa. Kaizari alimwalika yeye pamoja na mama yake mjane, Hermine. Kabla ya mwaka kwisha, mama huyo alikuwa mke wa Kaizari.

Si barua zote za mzee huyo zinazopendeza hivyo. Desemba 1919 alimwandikia Jemadari August von Mackensen akiwabebesha Wayahudi lawama za kuanguka kwake na kutaka waangamizwe. Anayenunua ukurasa kwa ajili ya sahihi iliyo chini yake, sharti asome pia kilichoandikwa juu. Juni 1940, majeshi ya Wanazi yalipoishinda Ufaransa, alimpelekea Hitler simu ya maandishi ya pongezi, japo alimdharau mtu huyo aliyekataa kumrejeshea kiti.

Alifariki Doorn Juni 4, 1941. Alikuwa ameagiza mazishi yake yasiwe na alama za Wanazi, lakini zililetwa vivyo hivyo. Serikali ya Uholanzi ilitwaa jumba lake 1945, na baadaye likawa makumbusho.

Wosia wake ulikuwa kwamba mwili wake usirudishwe Ujerumani hadi ufalme utakaporejeshwa. Jeneza lake bado limo katika kaburi dogo la kujengea, bustanini mwa Doorn.