Isidore Bakanja, Aliyesamehe bila Kuificha Kweli

Mto Lualaba huanza safari yake katika nchi ya Katanga, na hupita si mbali na Kolwezi na mashimo ya shaba ya Mashamba. Maji yake hushuka kuelekea kaskazini, hupita Bukama na Kindu, na baada ya Kisangani huitwa Kongo. Kisha hufika Mbandaka, mji ambao zamani Wabelgiji waliuita Coquilhatville. Katika nchi ile ya chini, kando ya maji yaleyale, aliishi kijana mfanyakazi ambaye jina lake lajulikana leo na Wakristu wa Kongo nzima. Ndiye Isidore Bakanja.

Bakanja alizaliwa kati ya mwaka 1885 na 1890, katika ukoo wa Waboangi, walio tawi la Wamongo. Wazazi wake hawakuwa Wakristu. Alipokua alikwenda mjini kutafuta kazi, akawa msaidizi wa waashi. Huko alilisikia neno la Mungu kwa mapadri Watrapisti, akaingia katika mafundisho kama wakatekumeni wote. Alibatizwa tarehe 6 Mei 1906, akapata Kipaimara mwaka ule ule, na mwaka 1907 akapokea Komunyo ya kwanza. Alivaa skapulari ya Bikira Maria shingoni, yaani vipande viwili vidogo vya nguo vilivyoungwa kwa uzi, na rozari haikutoka mkononi mwake. Hakuwa katekista wala hakujua elimu kubwa, lakini aliwafundisha wenzake sala alizozijua mwenyewe.

Siku zile nchi ilikuwa katika taabu kubwa. Kongo ilikuwa mali ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, na makampuni yaliwalazimisha watu kuleta mpira wa msituni. Aliyepungukiwa alipigwa kiboko, na wengi waliuawa. Mwaka 1904 mfalme alilazimika kutuma tume ya uchunguzi. Mbele ya tume hiyo chifu Lontulu aliweka chini vijiti 110, kimoja kimoja, na kila kijiti kilikuwa mtu mmoja wa kwake aliyeuawa. Tume ilitoa ripoti yake mwaka 1905. Walioumizwa walikuwa wamesikilizwa, lakini kusikilizwa kulikuwa mwanzo tu, maana wengi wa waliowatesa hawakuguswa. Mwezi wa Novemba 1908 serikali ya Ubelgiji iliichukua Kongo mikononi mwake. Hata hivyo, huko misituni mabwana wa kampuni walibaki walewale, na viboko vilevile.

Bakanja alikuwa mtumishi wa Mzungu mmoja wa kampuni ya SAB, akafuatana naye mpaka Ikili. Msimamizi wa mahali pale aliitwa Van Cauter. Huyu aliichukia dini na kuwachukia mapadri, akakataza sala katika mahali pa kazi. Alimwamuru Bakanja avue skapulari. Bakanja alimtii bwana wake katika kazi zote, lakini alama ya imani yake hakukubali kuivua.

Siku moja ya mwezi wa Februari 1909 Van Cauter alimrukia, akamnyang'anya skapulari na kuitupa. Akaamuru watumishi wamlaze chini na kumshika, na mmoja wao ampige. Kiboko kilikuwa cha ngozi ya tembo, chenye misumari nchani. Mapigo yalipita mia moja, na nyama ya mgongo ikachanika hata mifupa ikaonekana. Kisha Bakanja alifungwa minyororo miguuni na kutiwa katika nyumba ya kukaushia mpira. Waliomshika na aliyempiga walikuwa watu weusi kama yeye, wafanyakazi wenzake, waliolazimishwa kwa hofu.

Baada ya siku chache habari zilikuja kwamba mkaguzi wa kampuni, jina lake Dörpinghaus, yuko njiani. Van Cauter aliogopa mgongo ule usionekane, akaamuru mgonjwa aondolewe na kupelekwa mahali pengine. Bakanja alitambua shauri hilo. Alijificha porini, mwenye vidonda vilivyooza, na mkaguzi alipopita akajikokota mpaka njiani akamwonyesha mgongo wake. Dörpinghaus alishtuka sana. Alimchukua katika mashua yake, akamkinga na Van Cauter, na kuiandika habari aliyoiona kwa macho yake.

Vidonda havikupona. Bakanja alipoona kwamba kifo chakaribia, aliwaomba waliomwuguza wapeleke habari kwa watu watatu: kwa mama yake, kwa padri, na kwa hakimu. Wote watatu waambiwe kwamba anakufa kwa kuwa ni Mkristu. Mama alihusika kwa uchungu wa mwana, na padri kwa sala. Lakini mtumishi huyu maskini alimtaja hakimu pia, kwa maana alijua kwamba lililotendeka ni kosa, na kosa lina mahali pake pa kuamuliwa.

Mwezi wa Julai mapadri wawili Watrapisti walifika, wakamwungamisha, wakampaka mafuta ya wagonjwa na kumpa Komunyo. Walimshauri amsamehe yule aliyemtesa. Bakanja aliwajibu kwamba hana hasira naye, na ya kuwa akifika mbinguni atamwombea sana. Mwezi wa Agosti 1909 alifariki, rozari mkononi na skapulari shingoni. Mwaka 1917 mifupa yake ilihamishiwa Bokote. Tarehe 24 Aprili 1994 Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mwenye Heri.

Naye Van Cauter alishtakiwa mbele ya mahakama ya serikali na kuhukumiwa. Katika siku zile Mzungu wa kampuni kuhukumiwa kwa ajili ya mtumishi mweusi lilikuwa jambo la nadra. Lisingetukia kama Bakanja angalinyamaza na kubaki amefichwa.

Wako watu wafikirio kwamba aliyesamehe hana haki tena ya kusema. Maisha ya Bakanja yafundisha vingine. Msamaha ni kazi ya moyo: ni kukataa chuki na kisasi, na kumtakia mwovu wokovu. Ushuhuda ni kazi ya kweli: ni kutaja lililotendeka ili lisimpate mwingine. Bakanja alizifanya kazi zote mbili. Hakumwombea Van Cauter mabaya, wala hakusema kwamba hakupigwa.

Kijijini jambo hili huonekana mara nyingi. Binti akinajisiwa, wazee wa pande mbili hukaa, mbuzi na fedha kidogo hutolewa, na binti huambiwa asamehe na kunyamaza. Huo si msamaha wa Kikristu, kwa kuwa msamaha hutoka kwa aliyeumizwa mwenyewe, wala haununuliwi na jamaa zake. Sheria ya Kongo nayo hairuhusu. Tangu mwaka 2006 sheria yasema kwamba katika makosa ya namna hiyo malipo ya faini hayaifungi kesi, na kwamba mwendesha mashtaka na hakimu wawajibika kulinda usalama na heshima ya aliyetendewa na ya mashahidi. Tena, katika kosa lolote, aliyeumizwa aweza kuingia mwenyewe katika kesi na kudai fidia.

Lakini aliyeumizwa mara nyingi hana nguvu ya kufika mbele ya hakimu peke yake. Bakanja alihitaji mashua ya Dörpinghaus, mikono ya waliomwuguza, na watu wa kupeleka maneno yake. Palipo na mtu aliyejeruhiwa, Mkristu asiwe miongoni mwa wale wamshikao mikono, wala miongoni mwa wale wamfichao porini. Awe mmoja wa wale wamchukuao mashuani.