Paul Gerhardt, Mtunga Nyimbo Aliyepepetwa

Paul Gerhardt alizaliwa tarehe 12 Machi mwaka wa 1607 katika Gräfenhainichen, mji mdogo wa Saksonia, katika nchi ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mmoja wa wakuu wa mji ule, lakini alikufa mwaka wa 1619, na mama yake akamfuata mwaka wa 1621. Basi Paul akabaki yatima. Akapelekwa shuleni Grimma, na mwaka wa 1628 akaingia chuo kikuu cha Wittenberg, mahali alipofundisha Luther zamani, ili ajifunze elimu ya Mungu.

Siku zile Ujerumani yote ilikuwa katika vita. Vilianza mwaka wa 1618, navyo havikukoma mpaka mwaka wa 1648. Majeshi yalipita huku na huku, leo ya Kaisari, kesho ya Waswidi, na kila jeshi lilikula nafaka ya wakulima na kuchukua ng'ombe wao. Nyuma ya askari ilikuja njaa, na nyuma ya njaa tauni. Mwaka wa 1637 Waswidi waliuteketeza Gräfenhainichen kwa moto, na mwaka ule ule tauni ikamwua ndugu yake Paul.

Ninyi walimu wa vijijini mnaongojea miaka mingi, angalieni jambo hili. Mtu huyu aliyesoma sana hakupata usharika wowote mpaka alipokuwa na umri wa miaka 44. Alikaa Berlin katika nyumba ya mwanasheria mmoja, Andreas Berthold, akiwafundisha watoto. Lakini muda ule haukupotea bure. Katika kanisa la Mtakatifu Nikolao alikuwako mkuu wa waimbaji, jina lake Johann Crüger, aliyeyaona mashairi yake, akayatilia sauti. Mwaka wa 1647 Crüger alipiga chapa kitabu cha nyimbo, na ndani yake nyimbo 18 zilikuwa za Gerhardt. Vita vilikuwa havijaisha bado.

Mwaka wa 1651 akabarikiwa kuwa mchungaji, akatumwa Mittenwalde, mji mdogo kusini ya Berlin. Mji ule ulikuwa umeharibiwa na vita na tauni, na watu waliosalia walikuwa maskini. Hapo alikaa kama miaka sita, na katika miaka ile, mwaka wa 1653, ulitokea katika kitabu cha Crüger ule wimbo wake juu ya wakati wa joto. Ndani yake anaiambia roho yake itoke nje ikatafute furaha: itazame miti na maua, kuku na vifaranga vyake, nyuki, na ngano inayokua shambani. Msomaji asidhani ya kuwa mtunzi alisahau makaburi yaliyokuwa karibu. Washarika wake walijua shamba lililokanyagwa na farasi wa askari lilivyo, na kwa hiyo ngano iliyosimama tena ilikuwa kwao habari kubwa. Kisha wimbo unatoka katika shamba la duniani na kwenda mpaka bustani ya Kristo. Mimi naona ya kuwa furaha yake haikumjia yenyewe. Mara nyingi katika nyimbo zake anaisemesha roho yake mwenyewe, kama mtu anayemwamsha mwenzake aliyelala.

Mwaka wa 1655 akamwoa Anna Maria, binti Berthold. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa mwaka wa 1656, akafa Januari 1657, nao wakamwekea kibao cha ukumbusho katika kanisa la Mittenwalde. Walipata watoto watano. Wanne wakafa wangali wadogo. Akabaki Paul Friedrich peke yake.

Mwaka wa 1657 aliitwa Berlin, katika kanisa la Mtakatifu Nikolao. Hapo akakutana na jaribu la namna nyingine. Mtawala wa Brandenburg, Friedrich Wilhelm, alikuwa wa kanisa la Kalvini, na watu wake walikuwa Walutheri. Alitaka magomvi ya mimbarini yakome, akaagiza wachungaji watie sahihi zao kwamba wataishika amri yake. Gerhardt hakuwa mtu wa kutukana. Lakini aliona ya kuwa kutia sahihi ni kuliacha ungamo aliloliapia. Februari 1666 akaondolewa katika kazi. Watu wa mji, hata mafundi wa kila kazi, wakamsihi mtawala, naye akamrudisha mwaka wa 1667 bila sahihi, ila alitumaini kwamba ataishika amri vivyo hivyo. Gerhardt akakataa hata hivyo. Wako wanaosema alikuwa mgumu kupita kiasi, na pengine wanayo sababu. Lakini aliyeacha mshahara wake hakuwa mtu wa kuchezea dhamiri.

Katika miaka ile ile Johann Georg Ebeling, aliyeshika kazi ya Crüger, alizipiga chapa nyimbo zake 120 katika sehemu kumi. Hivyo mimbari ilifungwa, na nyimbo zikatoka. Baadaye Johann Sebastian Bach alizitumia katika muziki wake wa mateso ya Bwana kwa Mathayo. Na mwaka wa 1943 mchungaji Dietrich Bonhoeffer, aliyefungwa gerezani Tegel, alizijifunza kwa moyo.

Machi 1668 Anna Maria naye akafa. Mwaka uliofuata Gerhardt akahamia Lübben pamoja na mwanawe, akatumika huko miaka saba. Kabla ya kufa alimwandikia mwanawe, ambaye hakuwa ametimiza bado miaka 15, maneno ya kuaga. Alimwambia ya kuwa mali ya dunia anamwachia kidogo tu, pamoja na jina lisilo na aibu. Tena ajifunze elimu ya Mungu, azuie hasira, na kuwatendea watu mema hata wasipoweza kumlipa. Akafa tarehe 27 Mei 1676, akazikwa katika kanisa la Lübben. Picha yake ingaliko, na chini yake yameandikwa maneno ya Kilatini yanayomtaja kuwa mwalimu wa elimu ya Mungu aliyepepetwa katika ungo wa Shetani.