Maisha ya Niccolò Machiavelli

Katika sura hii tunajifunza kauli ya kutendwa. Basi na tuyatumie maisha ya Niccolò Machiavelli yawe kielelezo chetu. Alizaliwa Firenze, nchini Italia, mwaka 1469. Mwaka 1498 aliteuliwa kuwa katibu katika serikali ya jamhuri, akaitumikia kwa miaka 14. Alitumwa kwa wafalme na wakuu wa nchi nyingine, na aliunda jeshi la raia ili mji wake usitegemee askari wa kukodiwa.

Mwaka 1512 ukoo wa Medici ulirejeshwa madarakani kwa nguvu ya jeshi la Hispania. Machiavelli akaachishwa kazi. Mwaka uliofuata akashtakiwa kwa kula njama, akafungwa na kuteswa kwa kamba. Alipoachiliwa alihamia shambani mwake, na huko akaandika kitabu juu ya namna utawala unavyopatikana, unavyolindwa na unavyopotezwa. Kitabu hicho kilichapishwa mwaka 1532, miaka mitano baada ya kifo chake. Mwaka 1559 kikapigwa marufuku na Papa Paulo IV.

Tangu hapo jina lake limetumiwa kumtaja mtawala mjanja asiye na huruma. Kwetu sisi, hukumu hiyo ni ya haraka. Aliyeueleza ukatili wa watawala aliuonja mwilini mwake, na aliyoitumikia ni jamhuri. Kwa hiyo, mwalimu anapofundisha kauli hii, awaulize wanafunzi wake kwanza: nani alitenda, na nani alitendwa?