Makofi Kanisani na Kinywa cha Dhahabu

Jumapili iliyopita nilihudhuria ibada ambamo mhubiri alipigiwa makofi mara nyingi hata nikapoteza hesabu. Tulipotoka nje, nilimwuliza mwanafunzi wangu mmoja yale mahubiri yalihusu nini. Alinijibu kwamba hakumbuki, ila yalikuwa matamu mno. Jibu hilo lilinikumbusha mtu aliyefariki zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, ambaye naye alishangiliwa kanisani.

Mtu huyo ni Yohane Krisostomo, aliyezaliwa Antiokia, katika Uturuki ya leo, yapata mwaka 349. Alilelewa na mamake mjane, Anthusa, na akasomea ufasaha wa kusema kwa Libanius, mwalimu mashuhuri ambaye hakuwa Mkristo. Baadaye alikwenda kuishi milimani kama mtawa, ambako kufunga kupita kiasi kulimdhoofisha afya. Aliporudi mjini alipewa ushemasi, na mwaka 386 akawa kasisi.

Mwaka uliofuata, wenyeji wa Antiokia walikasirishwa na kodi, wakaziangusha sanamu za Kaisari Theodosius na jamaa yake. Mji mzima ukawa unangojea adhabu. Askofu Flavian, ingawa alikuwa mzee, alifunga safari kwenda Constantinople kuomba msamaha, naye Yohane akabaki na watu waliojaa hofu. Kwaresima ile aliwahubiria mara kwa mara. Aliwafariji, walakini hakuacha kuwakemea kwa viapo vyao ovyo na kwa kuwasahau maskini. Hatimaye msamaha ulipatikana.

Mwaka 398 alifanywa askofu wa Constantinople. Huko alipunguza matumizi ya nyumba ya askofu, akaelekeza fedha kwa hospitali za wagonjwa. Waumini walizoea kumshangilia mhubiri kana kwamba yuko jukwaani. Yohane alikiri mbele yao kwamba makofi yalimfurahisha kwa muda, lakini alipofika nyumbani alihuzunika, akitambua kwamba faida yote ya mahubiri ilikuwa imepotelea katika kelele. Inasimuliwa kwamba alipowakataza kupiga makofi, walimpigia makofi kwa kuwakataza!

Hata hivyo, maneno yake yalikuwa na gharama. Alizikemea anasa za matajiri pamoja na za ikulu, akamwudhi Malkia Eudoxia. Mwaka 403 baraza la maaskofu waliompinga lilimwondoa madarakani. Alirudishwa upesi, lakini mwaka 404 akapelekwa uhamishoni Cucusus. Alifariki Septemba 14, 407, karibu na Comana, akiwa mgonjwa na akilazimishwa kuendelea na safari ya mbali zaidi. Mwaka 438 mabaki yake yalirudishwa Constantinople kwa heshima. Jina Krisostomo, yaani kinywa cha dhahabu, alipewa baada ya kufa.

Simsifu bila kipimo. Kule Antiokia alitoa pia mahubiri makali dhidi ya Wayahudi, na karne nyingi baadaye waliowachukia Wayahudi waliyatumia kama silaha. Kwa hivyo, hata kinywa cha dhahabu chaweza kutoa sumu, na msikilizaji hana ruhusa ya kuiacha akili yake mlangoni mwa kanisa.

Leo humu nchini tuna vipaza sauti vikubwa, vituo vya redio na televisheni vya kidini, na wahubiri hadi ndani ya matatu. Uhaba wa mahubiri hatuna. Tunachokosa aghalabu ni mhubiri aliye tayari kuyapoteza makofi, na msikilizaji aliye tayari kukemewa. Mahubiri yanayomwahidi kila mtu utajiri bila kumdai chochote ila sadaka hayawezi kumpeleka mtu yeyote uhamishoni.

Enyi walimu wenzangu, nasi tusijidanganye, maana darasa linalocheka si lazima liwe limeelewa. Nawe mwanafunzi, Jumapili ijayo usiniambie kama mahubiri yalikuwa matamu. Niambie Jumatatu yamekubadilisha nini.